Piano ya kompyuta, ya bure au ya kulipia: ulinganisho kwa studio za nyumbani Arusha na Moshi

Anayefungua studio ya chumbani Sakina, Ngarenaro au kule Majengo ya Moshi huanza na laptopu, kinanda kidogo cha MIDI (kinachotuma noti kwenye kompyuta), hedifoni na spika mbili. Piano halisi haimo kwenye bajeti, na hata ingekuwemo isingepita mlangoni. Piano itatoka ndani ya kompyuta, na hapo ndipo wengi wanapokwama: za bure zimejaa, za kulipia zinasifiwa kila mahali, na tofauti ya bei inaweza kununua maiki nzuri.

Hapa tunalinganisha makundi sita, matatu ya bure na matatu ya kulipia, kwa vigezo vilevile.

Vigezo

Cha kwanza ni mguso. Kwenye piano halisi, nyundo ikigonga waya kwa nguvu sauti haipandi volumu tu, inapata na makali, kwa sababu waya hutoa mawimbi mengi zaidi ya juu. Programu nyingi huiga hilo kwa kurekodi noti moja mara kadhaa kwa nguvu tofauti. Kila rekodi huitwa tabaka, na tabaka zikiwa chache utasikia sauti inaruka badala ya kupanda taratibu.

Cha pili ni uzito, na uzito uko wa aina tatu: nafasi kwenye diski, RAM, na kazi ya prosesa. Usivichanganye. Piano ya GB 77 inaweza kuwa nyepesi kwa prosesa, na ya MB 50 ikaifanya feni ipige kelele.

Cha tatu ni bando na leseni. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, GB 1 hushuka kwa dakika 13 hivi, GB 77 kwa saa 17, na GB 122 kwa saa 27. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa, maana bei ya piano kubwa ina bando ndani yake.

Cha nne ni jinsi piano inavyokaa kwenye miksi pamoja na sauti ya mwimbaji, besi na ngoma. Nyimbo zetu zinasikilizwa kwenye simu na kwenye spika za daladala, kwa hiyo piano iliyotanuka sana kushoto na kulia ijaribiwe pia kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa kimoja. Ikipoteza mwili ukibonyeza kitufe cha mono, itapotea na kwa msikilizaji.

Cha tano ni pale inapokwama: kosa gani hutokea na linatoka wapi.

Anza na kinanda chako

MIDI hutuma nguvu ya kidole kwa namba, 1 hadi 127, inayoitwa velositi. Kinanda kisichopima mguso hutuma namba ileile kwa kila noti, na hapo piano ya dola 399 na ya bure zinatoka karibu sawa. Vinanda vya Yamaha PSR vinavyopatikana kwenye kwaya nyingi vinaweza kuunganishwa na laptopu iwapo vina tundu la USB lililoandikwa TO HOST. Angalia namba ya modeli: katika familia ya PSR-E, zinazoanza na 2 hazipimi mguso, zinazoanza na 3 zinapima.

Vinanda vidogo vyenye funguo laini vina tabia ya kuruka kutoka 40 hadi 110 bila kupitia katikati. Tiba ni kurekebisha mkunjo wa velositi, yaani jinsi nguvu ya kidole inavyogeuzwa namba, kwenye kinanda chenyewe au ndani ya programu ya piano, mpaka mguso wa kawaida utoe namba kati ya 60 na 80. Pedali ikifanya kinyume, yaani noti zinashikilia ukiwa umeinua mguu, zima kinanda, chomeka pedali bila kuikanyaga, kisha washa. Vinanda vingi husoma upande wa pedali wakati wa kuwaka.

Halafu kuna jaribio la dakika moja linalofaa kwa kila piano iliyo hapa chini. Bonyeza C ya kati mara nane, ukianza kwa kupapasa na kumaliza kwa kugonga. Ukisikia sauti mbili au tatu tu zinazoongezwa volumu, tabaka ni chache. Kisha kanyaga pedali, piga kodi ya C kwa mikono miwili, uiache ife yenyewe. Sikiliza kuanzia sekunde ya tano: piano nzuri huzima kama moto wa mkaa, na dhaifu hukatika ghafla au huanza kuzunguka kama santuri iliyokwama.

Bure, nyepesi: FL Keys na Keyzone Classic

FL Keys inakuja ndani ya FL Studio, programu ambayo maprodyuza wengi hapa tayari wanayo. Keyzone Classic ya Bitsonic ni plagini (programu ndogo inayofunguka ndani ya programu ya kurekodia) ya bure yenye sauti tano, zikiwemo piano kubwa na za umeme. Kwenye mguso ndipo zinaposhindwa: jaribio la noti moja hulijua hilo mara moja. Uzito ni mdogo, na laptopu ya RAM GB 4 inazibeba bila shida. Hakuna leseni ya kuhangaikia.

Kwenye miksi zina faida ambayo watu huidharau. Sauti yao ni nyembamba na ya mbele, kwa hiyo kwenye wimbo wa injili wa mwendo wa haraka, ambapo piano inapiga kodi fupifupi katikati ya gitaa la sebene, besi na ngoma, zinasikika wazi bila kazi nyingi ya ekwalaiza. Panapokwama ni wimbo wa taratibu. Piano ikibaki peke yake na mwimbaji, unyonge wake unabaki uchi.

Bure, kubwa: Salamander Grand Piano

Hii ndiyo piano ya bure inayostahili kupewa muda. Alexander Holm alirekodi Yamaha C5 kwa maikrofoni mbili za AKG C414 zilizowekwa juu ya waya, akachukua noti moja kila baada ya nusu toni tatu, kila noti kwa tabaka 16. Hiyo ni noti 30 mara 16, sampuli 480, yaani rekodi 480 za noti mojamoja. Tabaka 16 maana yake kila moja inabeba takribani namba 8 za velositi, na kwa bure ni nyingi sana. Noti zilizo katikati hutengenezwa kwa kupandisha au kushusha jirani yake nusu toni moja, umbali mdogo ambao sikio halilalamiki. Leseni yake inakuruhusu kuuza muziki wako bila kikwazo.

Toleo la biti 24 linapita GB 1 kulishusha. Lipo na la biti 16 lililo jepesi, na ndani ya wimbo wenye ala kumi hutaona tofauti. Salamander si plagini bali ni sampuli zenye faili la SFZ linaloelekeza noti ipi icheze faili lipi. Unahitaji kichezeshi, na cha bure kinachotegemewa ni sforzando ya Plogue. Hatua ni hizi: sakinisha sforzando, fungua kifurushi cha Salamander kwenye folda ambayo hutaihamisha tena, fungua sforzando ndani ya programu ya kurekodia, kisha buruta faili la .sfz uliangushe juu yake. Ukikuta faili la pili lenye neno Retuned kwenye jina, tumia hilo pale piano inapocheza pamoja na sinthi na besi ya kompyuta; noti zake zimenyooshwa zaidi.

Kosa linalotokea mara nyingi: mtu ananakili faili la .sfz peke yake na kuacha folda ya sampuli. Piano inafunguka, jina linaonekana, sauti hakuna. Faili hilo halina sauti ndani yake, lina anwani tu. Hamisha folda nzima au usihamishe kitu.

Kwenye miksi, sauti yake ni ya piano iliyosikilizwa kwa karibu, pana, na nzito chini. Kata chini ya Hz 90 hivi, punguza desibeli 2 au 3 kati ya Hz 200 na 350 ikiwa sauti ya mwanamume inazama, na ikaze upana kidogo kabla ya kuisikiliza kwa mono. Haina vitufe vya kuchagua maikrofoni wala kusogeza kifuniko, hivyo chumba unakiongeza mwenyewe kwa rivebu.

Bure, yenye tabia: LABS Soft Piano na mikusanyo ya Pianobook

Soft Piano, iliyo kwenye LABS, mkusanyo wa bure wa Spitfire Audio, ilirekodiwa kwa upole, nyundo zikiwa zimefunikwa na kitambaa. Pianobook ni mkusanyo wa ala zilizorekodiwa na watu mbalimbali na kutolewa bure, piano za zamani zikiwa nyingi, na sehemu kubwa hufunguka kwa Decent Sampler, ambayo nayo ni bure.

Mguso wa Soft Piano ni finyu kwa makusudi. Hata ukigonga, haitakuwa kali, kwa sababu ukali haukurekodiwa. Wengi huifuta wakidhani imeharibika. Uzito ni wa kati, na bando si kubwa. Kwenye miksi ni dhahabu kwa biti za hip hop za polepole na mstari wa piano unaojirudia nyuma ya mashairi: kelele za nyundo na kiti zinabaki ndani yake na kuipa uhai. Kwa pambio la nguvu haifai kabisa. Kwenye Pianobook soma maelezo kabla ya kushusha, kwa sababu baadhi zinadai Kontakt kamili, kichezeshi cha sampuli cha kulipia. Kontakt Player ya bure hufungua ala za namna hiyo kwa dakika 15 kisha huzizima, na dakika 15 zikiisha mwimbaji akiwa kibandani, kikao kimeharibika.

Kulipia, ya kati: Addictive Keys

XLN Audio huuza kila ala peke yake. Studio Grand ni Steinway Model D. Zipo pia piano ya kusimama, ya umeme na nyinginezo. Mguso ni mzuri kuliko kundi jepesi la bure, lakini kwenye jaribio la noti moja Salamander inaipa ushindani wa kweli, na anayenunua ajue hilo. Pesa inalipia kazi iliyokwisha kufanywa: maikrofoni kadhaa za kuchanganya, ekwalaiza na rivebu ndani, na mipangilio mingi iliyo tayari kwa pop, injili au sinema. Uzito ni wa wastani na RAM ya GB 8 inatosha.

Kuna njia ya kuipata bila kuinunua. Boksi za kurekodia (audio interface) za Focusrite Scarlett za toleo la tatu zilikuja na ala moja ya Addictive Keys ya kuchagua, baada ya kusajili boksi. Ukinunua Scarlett iliyotumika, muulize muuzaji kama alishaisajili; kama ameisajili, zawadi hizo zimekwenda naye. Inamfaa prodyuza anayelipwa kwa wimbo na asiye na saa mbili za kutafuta rivebu.

Kulipia, isiyo na sampuli: Pianoteq

Modartt ya Toulouse, Ufaransa, walitoa Pianoteq mwaka 2006, na bado haifanani na nyingine. Haina rekodi ya piano ndani. Inakokotoa: nyundo ya ugumu huu, kwa kasi hii, kwenye waya wa urefu huu, juu ya ubao huu, sauti itatokaje. Ndiyo sababu faili lake ni kama MB 50, chini ya dakika moja kwa intaneti ileile inayohitaji saa 17 kwa Keyscape, piano ya GB 77 tutakayoifikia hapa chini. Kwa mtu wa Kiboriloni anayetegemea bando la simu, hoja hiyo pekee inaweza kumaliza mjadala.

Kwenye mguso haina tabaka, kwa hiyo hakuna kuruka. Kila namba ya velositi hutoa sauti yake. Pedali ya nusu inafanya kazi ukiwa na pedali inayotuma namba za kati, na waya ambazo hukuzipiga huitikia zile ulizopiga, jambo ambalo sampuli huliiga kwa shida. Mpiga kinanda aliyezoea piano ya kweli hulihisi hilo mikononi kabla ya masikioni.

Uzito wake uko kwenye prosesa. Laptopu ya zamani yenye vumbi la kiangazi kwenye feni hupata joto, hujipunguzia kasi, na sauti huanza kukwaruza ukishikilia pedali na noti nyingi. Safisha feni, kisha punguza idadi ya noti zinazoruhusiwa kulia pamoja kwenye mipangilio yake kabla ya kulaumu programu. Leseni ya mtu mmoja inaruhusu kompyuta hadi tatu zake mwenyewe, na ipo kwa Windows, Mac na Linux.

Matoleo ni Stage, Standard na Pro. Stage ndiyo ya bei ya chini na hukupa piano tayari, lakini haikufungulii karakana ya kubadili nyundo na kusogeza maikrofoni. Hiyo inaanzia Standard. Kwa anayepiga ibadani na kurekodi demo, Stage inatosha. Kwenye miksi, wapo wanaoiona safi mno, hasa oktavu za katikati. Usiikatae kwa mpangilio wa kwanza uliofunguka: zima rivebu yake, jaribu piano tatu tofauti, kisha sikiliza ndani ya wimbo. Toleo la majaribio ni bure; linakata baada ya muda na funguo chache hazilii, lakini linatosha kujua kama laptopu yako inaliweza.

Kulipia, majitu: Keyscape, Garritan CFX, Noire

Keyscape ya Spectrasonics ilitoka 2016, bei yake ya orodha dola 399, GB 77 ikisakinishwa yote au GB 30 ikisakinishwa toleo jepesi. Ndani kuna ala 36, nyingi zikiwa piano za umeme, na piano yake kubwa ni Yamaha C7. Garritan CFX ni Yamaha CFX iliyorekodiwa Studio One ya Abbey Road, London, GB 122 ikiwa kamili. Ipo Lite iliyo ndogo zaidi. Noire ya Native Instruments ni Yamaha CFX ya mpigaji Nils Frahm, iliyorekodiwa Berlin, na hufunguka kwenye Kontakt Player ya bure.

Mguso ni wa hali ya juu zote tatu. Kwenye miksi Keyscape inakaa karibu bila kuguswa, na ndiyo maana iko kwenye rekodi nyingi za kibiashara. CFX inang'aa pale piano inapobeba wimbo mzima. Noire ina pande mbili, safi na iliyofunikwa kitambaa, na ya pili ni ile tabia ya LABS ikiwa na pumzi ndefu zaidi.

Panapokwama ni diski. Programu hizi hupakia mwanzo tu wa kila sampuli kwenye RAM na kusoma iliyobaki kutoka kwenye diski wakati unapiga. Diski ya kuzunguka haiwahi, na noti zinakatika. SSD ni lazima. Unaweza kuziweka kwenye SSD ya nje inayolishwa na USB ya laptopu, na si kwenye diski yenye adapta yake ya ukutani: umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri lakini diski hiyo inazima na piano inanyamaza katikati ya kurekodi. Kwa bando, beba SSD hiyo mahali penye faiba, shusha hapo, rudi nayo.

Bafa, kwa zote

Piano ikichelewa kuitikia kidole, kosa kwa kawaida si la piano bali la bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa; kikiwa kikubwa, sauti inachelewa zaidi. Kwa Hz 44,100, bafa ya 128 ni milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, 512 ni 11.6, na 1024 ni 23.2. Piga kwa 128 au 256 ukitumia dereva ya ASIO (inayopitisha sauti haraka kwenye Windows) ya boksi lako; kama huna boksi, ASIO4ALL inasaidia. Ukianza kuchanganya wimbo panda hadi 1024, na piano iliyokamilika igeuze faili la sauti ili mashine ipumue. Hifadhi MIDI yake pembeni.

Na za kuvunjwa leseni?

Keyscape "ya bure" kwenye flashi ya rafiki inaweza kuleta virusi pamoja na piano, na ikigoma baada ya kusasisha Windows, miradi yako yote iliyoitumia inafunguka bila sauti. Kwa kazi ya mteja aliyelipa, hiyo ni hasara ambayo Salamander haitakuletea kamwe.

Kwa hali yako

Laptopu ya RAM GB 4 na diski ya kuzunguka: baki na FL Keys au Keyzone kwa nyimbo za haraka, na Salamander ya biti 16 kwa za taratibu, ukiigeuza faili la sauti mapema. Pesa ya kwanza iende kwenye SSD.

Kinanda kisichopima mguso: usinunue piano yoyote kwanza. Badilisha kinanda.

Biti za hip hop na nyimbo za huzuni: LABS na Pianobook zinatosha kwa muda mrefu. Noire ije pale unapotaka anga hilohilo likiwa na mguso mpana.

Kwaya na nyimbo za kuabudu, piano ikiwa mbele: anza na Salamander. Ukiona inakubana kwenye pedali na mguso, na prosesa yako ni nzuri, nenda Pianoteq Stage.

Kupiga moja kwa moja kanisani: Pianoteq, kwa sababu hufunguka haraka, haitegemei diski na, prosesa ikiiweza, haikati. Weka bafa 256, zima WiFi, chomeka chaja, na uwe na sauti ya akiba kwenye kinanda chenyewe.

Studio yenye wateja, RAM GB 16 na SSD: Addictive Keys kama muda ndio unaokubana, Keyscape kama unahitaji pia piano za umeme za Rhodes na Wurlitzer za uhakika. Kampuni nyingi hupunguza bei mwishoni mwa Novemba. Malipo huhitaji kadi: Visa ya benki iliyofunguliwa kwa ununuzi wa mtandaoni, au kadi ya Visa ya M-Pesa. Weka salio lizidi bei kidogo, kwa sababu ubadilishaji wa fedha huongeza makato.

Kama bado uko njia panda, rekodi wimbo mzima leo kwa piano ya bure na utunze MIDI. Mwezi ujao ukinunua nyingine, noti ni zilezile. Unabadilisha plagini tu, unasikiliza upya velositi za mstari wa kwanza, na kurekebisha mkunjo pale zinapotoka kali mno.